Mke Mdogo wa Mwanangu Mwenyewe

Mimi niliolewa niwe mke wa pekee. Naliweka hili mwanzo kabisa kwa sababu nililipigania. Nilipomaliza kidato cha nne nilimwambia kila mwanamume aliyenijia kwamba nyumba yenye mke mwingine siingii, hata iwe na bati na sakafu ya simiti. Nilikulia Alego katika boma la wake watatu, na mama yangu alikuwa wa tatu. Najua mwanamke anavyotoka nje asubuhi kutazama moshi wa jiko la mwenzake ili ajue mume alilala wapi. Kwa hiyo nilimchagua kijana wa Seme aliyefanya kazi kiwanda cha nguo Kisumu, mwimbaji wa kwaya, asiyeonja pombe, na akaapa mbele ya mchungaji kwamba ni mimi tu. Neno lake amelishika hadi leo. Aliyenifanya mke wa pili si yeye. Ni mama yake, na mume tuliyegawana alikuwa na meno mawili.

Baba mkwe alikufa kabla sijaolewa. Alikuwa na wake wawili kule Seme, upande wa Kombewa, na mama mkwe wangu ndiye aliyekuwa mikayi, yaani mke wa kwanza, yule ambaye nyumba yake hutazamana na lango na jembe lake ndilo huingia shambani kabla ya mengine yote. Nilipojifungua mtoto wa kiume tukampa jina la marehemu, kama inavyotakiwa. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita mtoto kitu kingine ila Mzee. Mzee amenyonya? Mzee amekojoa tena.

Sasa, kwetu Waluo nyanya hutaniana na wajukuu wake. Mjukuu wa kiume ni mume wake. Wa kike ni mke mwenza wake, nyieka. Nyanya anamwinamia mtoto mchanga na kumwuliza, "Mume wangu, umeniletea nini kutoka sokoni?" Watu wanacheka, na mama wa mtoto anacheka kuliko wote. Nilicheka mimi pia. Sikujua kwamba siku moja mmoja wetu ataacha kucheka na aendelee na mazungumzo.

Mume wangu alimleta mama yake Kisumu miaka ya themanini ikielekea kuisha, Mzee akiwa bado wa kukaa na kuanguka. Kule nyumbani mama mkwe alikuwa ameanza kuweka sufuria motoni bila maji. Alikwenda ziwani kuteka maji akarudi na ndoo ya jirani, halafu akamtukana jirani kwa wizi. Mvua ya kwanza ilinyesha na hakutoka kufungua upanzi. Mke mwenzake akangoja, akangoja, kisha akapanda bila yeye. Kwa desturi hilo ni tusi kubwa, mdogo kutangulia kutia mbegu ardhini, na tangu hapo wanawake hao wawili hawakusalimiana. Watu walisema wanagombania mbegu. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mikayi alisahau mvua.

Mama halali nyumba moja na mwanawe na mkewe, hivyo tukamkodishia chumba katika ploti hiyo hiyo yetu ya Kondele, mlango wa tatu kutoka kwetu. Hapo ndipo wivu wangu ulipoanzia. Mume wangu akitoka kazini alipita mlango wangu kama mpita njia, mkate kwapani, akaingia kwa mama yake. Nilijua alichomletea kwa kusikia karatasi ikifunguliwa. Kwangu alifika akiwa ameshakunywa chai.

Na Mzee, mtoto niliyemtolea damu, akijifunza kutambaa alitambaa kuelekea mlango wa tatu. Nikimwimbia alilia. Mama mkwe akimwimbia, kwa sauti yake ya mkwaruzo isiyokuwa na wimbo wowote ndani yake, alilala. Mimi nina kifua na maziwa, yeye ana magoti tu, na bado nilishindwa. Mwanamke anayesema hilo halimuumi, ama hajazaa ama anadanganya.

Jumapili moja nikapika kuku. Firigisi ni ya mwenye nyumba. Hata mtoto wa Kondele anajua. Mama mkwe akafunua sufuria, akaitoa kwa vidole, akaiweka kwenye sahani mbele ya Mzee aliyekuwa na meno mawili.

"Mama, na mimi?" mume wangu akamwuliza, anacheka.

"Wewe ngoja baba yako ale kwanza," akasema. Kisha akanigeukia. "Na wewe binti wa Alego, nani amekwambia uketi kabla ya mikayi?"

Mume wangu akazidi kucheka. Mimi nikatazama macho ya mama mkwe. Hakuwa na utani hata wa dawa.

Kuanzia siku hiyo nikawa nyieka wake. Aliongea Kiluo, nami nayaandika kwa Kiswahili, lakini mengine hayaandikiki kwa lugha yoyote. Asubuhi alisimama mlangoni kwangu amefunga kilemba vizuri, mikono kiunoni.

"Jana alilala kwako."

"Ndiyo, Mama. Ananyonya."

"Na juzi alilala kwako. Zamu yangu ni lini?"

Nikimnyonyesha alinitazama kwa jicho la pembeni. "Unamlisha nini kila saa? Ndiyo maana haji kwangu. Umemtilia dawa humo." Alikuwa ananyooshea kidole ziwa langu. Jirani Mluhya wa mlango wa pili alicheka mpaka akakaa chini. "Aki mama Mzee, wewe umeiba bwana ya mtu," akaniambia. Nilimwambia akaoshe vyombo vyake.

Siku za soko nilikuwa nauza nguo za watoto za mitumba Kibuye. Nilipanga visweta juu ya gunia huku nikiwaza kwamba saa ile Mzee yuko mapajani mwake, anatafuniwa samaki na kuwekewa mdomoni. Nilirudi mbio. Nilimkuta kweli yuko pale, ameshiba, ananitazama kama karani anayesumbuliwa na mtu wa mwisho kwenye foleni.

Ila kulikuwa na jambo nililojifunza, na nililijifunza kwa hasira. Mama mkwe aligoma kuoga. Alikuwa amejichafua, na kila nikisema "Mama, twende uoge" alikamata kitanda kama mtu anayevutwa na mamba. Mwishowe nikachoka. Nikamwambia, "Sawa, usioge. Leo ni zamu yako. Mzee atakuja kulala kwako na atakukuta unanuka hivyo."

Akaachia kitanda. Kisha akaomba sabuni.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa namwogesha. "Mikayi, maji yako tayari." "Mikayi, chakula chako hiki, sisi hatujagusa." Nilipoongea naye kama mgonjwa alinipiga mateke. Nilipoongea naye kama mke mdogo anavyoongea na mkubwa wake, alinyoosha mgongo, akajifunga leso, akala vizuri, akaniamuru nipige deki. Kila neno la heshima lilinikwaruza koo. Mimi niliyesoma mpaka kidato cha nne nilikuwa nampigia mtu goti kwa ajili ya mume mwenye nepi. Lakini alikuwa safi. Aliyetaka kuja kumnusa na aje.

Halafu akamchukua. Nilikuwa nyuma ya ploti naanika nguo. Niliporudi mkeka ulikuwa mtupu na mlango wa tatu uko wazi. Tuliwatafuta Kondele yote mpaka mtu wa baiskeli akatuambia amemwona mwanamke mzee na mtoto mgongoni wakienda barabara ya Busia. Tuliwakuta mbali, karibu na Otonglo, vumbi mpaka magotini, Mzee amelala fofofo. Alikuwa amemweleza kila aliyemsimamisha: "Nampeleka mume wangu nyumbani Seme. Huyu mke wake mdogo wa mjini anammaliza."

Nilimnyakua mwanangu. Nilimwambia mume wangu hapo hapo barabarani, watu wakisikia, "Ama yeye atoke ama mimi." Sitajifanya malaika sasa kwa kuwa naandika kitabu. Nilimaanisha. Malori yalikuwa yanapita pale kama upepo.

Kwa hiyo tukampeleka hospitali moja mjini, kwenye wadi ya wagonjwa wa akili. Daktari alikuwa kijana, pengine rika langu.

"Mama, leo ni siku gani?"

Mama mkwe akamtazama. Kule kwao mtu mzima haulizwi maswali na mtoto asiyejitambulisha. "Wewe mtoto wa nani?" akamwuliza kwa Kiluo.

"Mama, jibu swali. Rais ni nani?"

"Watu wako ni wa wapi? Mama yako angali hai?"

Daktari akamgeukia mume wangu akamwambia kwa Kizungu kwamba pale hakuna kitu kilichobaki. Alidhani mwanamke wa leso na mtoto mgongoni hajui Kizungu. Kizungu ndicho nilichopita vizuri kuliko yote. Hakuna kitu kilichobaki! Mwanamke ambaye juzi aliniambia sima yangu ni mbichi na anajua mume anakula kwa nani. Laiti ungelikuwa wewe unayeambiwa, kijana, ungeona kama kuna kitu kilichobaki au hakuna.

Mama mkwe akavuta shati la mwanawe. "Anasema nini juu yangu?"

"Anasema utapona, Mama."

Mhudumu wa wadi akaja na gauni la kijani lisilo na vifungo, funguo zinalia kiunoni. "Toa nguo, mathe."

Hapo hapo koridoni. Mwanawe amesimama pale pale. Mama kuvua nguo mbele ya mwanawe wa kumzaa ni laana. Ni kitu anachofanya mwanamke akitaka kukimaliza kizazi chake mwenyewe. Mume wangu aligeukia ukuta, akaegemeza paji la uso kwenye rangi. Mama mkwe alishika kilemba kwa mikono yote miwili.

"Haraka bana, watu wengine wanangoja," mhudumu akasema.

Nikafungua leso iliyombeba Mzee, nikampa baba yake, akampokea bila kugeuka. Nikaitandaza ile leso mbele ya mama mkwe kama pazia, mikono juu, mpaka mabega yakauma. Nilimsikia nyuma ya leso akihangaika na kamba za sketi.

"Nyieka," akaniambia taratibu, "inua kidogo upande ule. Wataona."

Nikainua.

Njiani kurudi mume wangu alilia. Alilia akitembea, mtu mzima, akiwa amembeba Mzee. Mimi nilikaribia kufa nikimzaa huyo Mzee, na mume wangu alikuja wadi ya wazazi na biskuti na macho makavu. Nikaona wivu. Ndiyo, siku hiyo hiyo, barabarani. Nikajiambia angalau sasa nimewapata wote wawili.

Walitupa ruhusa ya kumchukua baada ya majuma kadhaa, na vidonge, na maneno haya: akisumbua mrudisheni. Alitoka akiburuta miguu, mdomo unatetemeka, ute pembeni. Kilemba hakikuwepo. Kichwa kilikuwa kimenyolewa kipara.

"Chawa," mhudumu akasema. "Tunanyoanga wote."

Sasa nisikilizeni. Kwetu mwanamke mzima hanyolewi hivi hivi. Ananyolewa akifiwa na mume. Siku za matanga wajane huketi chini, wembe hupita, na mjane huvaa vazi la marehemu, koti lake au kofia yake, aonekane na kila mtu kwamba ni yeye aliyefiwa. Mama mkwe alishanyolewa hivyo mara moja maishani, mume wake alipokufa. Mhudumu yule, kama ni mtu wa pande zetu, alijua. Alijua na akapitisha wembe, kwa sababu kichwa cha mtu ambaye hakuna kitu kilichobaki ndani yake ni kichwa tu.

Njia nzima alikuwa anajipapasa. Tulipofika Kondele akakaa kitandani, akaniuliza kwa sauti ndogo ambayo sikuizoea.

"Amekufa lini?"

"Nani, Mama?"

"Mmeninyoa na hamjaniambia."

Asubuhi kulipopambazuka ploti yote iliamshwa na kilio. Si kulia kwa machozi. Ni ule mlio mrefu wa mwanamke aliyefiwa, unaotoka tumboni. Nilitoka nikakuta mama mkwe anatembea kutoka choo mpaka bomba, bomba mpaka choo, mikono kichwani, anamwimbia sifa marehemu: simba wa Seme, mwenye mashua, mwenye wake wawili na bado haitoshi. Na juu ya kipara chake, iking'ang'ania kama kikombe juu ya mtungi, kulikuwa na kofia ya sufu ya Mzee. Ya mtoto wangu. Ile ya manjano niliyomfumia mwenyewe.

Majirani walikuja na leso viunoni. Yule wa mlango wa pili alinishika mikono, machozi tayari.

"Pole, mama Mzee. Pole sana. Alikuwa anaumwa nini?"

Mzee alikuwa mgongoni kwangu anakula mandazi.

Jirani alimwona, akaniachia mikono kama imemchoma. Kumlilia mtu aliye hai ni kumchimbia kaburi. Walirudi nyuma, mmoja mmoja, na mlango wa pili ukafungwa kwa komeo.

Nilimshusha Mzee nikamsimamisha mbele yake. "Mama, tazama. Huyu hapa. Hajafa."

Akamtazama. Alimtazama vizuri, kwa adabu. "Huyu ni mtoto wa nani?"

Basi nikawa nimeshinda. Nilichokitaka mwaka mzima nilikipata: mtoto alikuwa wangu peke yangu. Mama mkwe hakumdai tena, hakutaja zamu, hakunyooshea ziwa langu kidole. Mzee alijikongoja mpaka mlango wa tatu, akavuta sketi yake, naye akamwondoa polepole. "Nenda kwa mama yako. Mimi nina msiba." Mzee alilia. Alirudishwa kwangu akilia, akalala akilia, na mimi nilikaa naye mapajani kama mtu aliyeshinda mbuzi mfu katika bahati nasibu. Na mimi pia sikuitwa nyieka tena. Hakuniita kitu. Alilia kila alfajiri, na kofia ya mwanangu kichwani, na hakuniruhusu niiguse.

Mume wangu akasema tumrudishe wadi.

"Kwa waliomnyoa?"

"Unataka nini wewe? Si ni wewe ulisema ama yeye ama wewe?"

"Nilisema atoke. Sikusema anyolewe."

"Anamlilia mtoto wetu! Mtoto akifa je?"

"Mzee hatakufa kwa kuliliwa. Na huyu hatarudi pale. Ukimpeleka utanipeleka na mimi, na mimi watanivulia koridoni, na utageukia ukuta."

Lakini siku ya kumrudisha alikuwa ameshaisema, Ijumaa, na sikuwa na pa kumweka. Nyumbani Seme hakuna aliyekuwepo ila mke mwenzake, mtu ambaye hawasalimiani naye.

Alhamisi mwanamke mmoja mdogo wa mwili akasimama kwenye lango la ploti na kapu kichwani. Mkongwe, meno ya mbele hana, kilemba cheusi. Hakubisha hodi.

"Nani amefungua matanga ya mume wangu bila kuniita?"

Ndiye huyo mke mwenzake. Habari ilikuwa imemfikia Kombewa, kwamba mikayi anamlilia mume Kondele, kila alfajiri, ploti nzima inasikia. Hakuja kumwona mgonjwa. Alikuja na hasira zake zote kudai sehemu yake ya kilio.

"Mama mdogo, karibu," mume wangu akasema. "Mama hajisikii vizuri. Akili..."

"Sijakuuliza wewe." Akaingia mlango wa tatu, akakaa chini, miguu mbele, kapu pembeni. Mama mkwe alikuwa kitandani. Hao wawili wakatazamana.

"Amekufa lini?" mama mkwe akamwuliza.

"Unaniuliza mimi? Si ulikuwepo?" Yule mwanamke akavua kilemba chake kwa nguvu, akainamisha kichwa, akatenga nywele zake za mvi kwa vidole. "Tazama hapa. Tulinyolewa siku moja. Walianza na wewe kwa sababu wewe ni mikayi. Kila kitu ni wewe kwanza. Wembe ulipofika kwangu ulikuwa butu kama kijiko, ukanichana. Kovu hili hapa. Leo unalia peke yako kama mimi sikuwepo?"

Mama mkwe akashuka kitandani. Akapiga magoti, akaweka kidole juu ya kovu, akalifuata mwanzo mpaka mwisho. Nilisimama mlangoni na Mzee kiunoni. Nilisubiri ampige.

"Wembe ulikuwa butu," mama mkwe akasema.

"Ulikuwa butu."

"Ulipiga kelele kama mbuzi."

"Ningenyamaza? Damu inaingia jichoni."

"Kichwa chako kibaya. Kina mabonde."

"Na chako je? Tazama unavyofanana na yai la bata."

Mama mkwe akacheka. Tangu atoke hospitali sikuwa nimesikia sauti nyingine kwake ila kilio, na sasa anacheka, ute unamtoka, na yule mwingine anaufuta kwa ncha ya leso bila kuacha kumtukana.

"Koti lake ulivaa wewe," akaendelea. "Zuri, la sufu. Mimi nilipewa kofia."

Mama mkwe alifikiri. Kisha akainua mkono, akavua kofia ya manjano kichwani mwake, ile ambayo nilikuwa nimeiomba kwa upole na kwa ukali na kwa kulia, na akamkabidhi.

"Chukua. Kofia ni yako."

Yule mwanamke aliigeuza. Aliona ni ya mtoto, si mjinga. Alinitazama mimi, akamtazama Mzee na kichwa chake kitupu. Halafu akaiweka kapuni, chini ya mihogo.

"Twende nyumbani," akamwambia mwenzake. "Unamlilia Kondele, yeye hayuko Kondele. Yuko kwetu, nyuma ya nyumba yako, na magugu yamemfunika kwa sababu mikayi amekaa mjini anakula mkate."

Wakaondoka siku hiyo. Mume wangu aliwasindikiza, vidonge mfukoni. Ijumaa ikapita bila mtu kwenda wadi. Nilipaswa kushukuru. Nilifagia mlango wa tatu nikiwa nimeuma meno. Mwaka mzima nilipiga goti, nikachota maji, nikaitwa mchawi wa maziwa, na hakucheka nami hata mara moja vile. Yule amekuja na kovu na matusi, akaondoka naye kabla chai haijapoa.

Tulienda Seme Krismasi. Tuliwasikia kabla ya kuwaona.

"Mikayi, umekalia kuni zangu."

"Kuni ziko upande wangu."

"Ziko upande wako kwa sababu nimekuletea wewe, mjinga."

"Basi ni zangu."

Kaburi lilikuwa limepaliliwa, udongo mwekundu, safi. Nywele za mama mkwe zilikuwa zimerudi, fupi na nyeupe, chini ya kilemba kilichofungwa na mtu anayejua kufunga. Hakuwa amepona. Alishika kikombe upande usio na mkono, na mke mwenzake alikigeuza bila kusema. Alikuwa amepungua mwili, na jina la mwanawe lilimpotea katikati ya salamu. Lakini upanzi ulipofika, mume wangu aliniambia, yule mdogo alimshika mkono, akamwekea mbegu kiganjani, akamtoa mpaka shambani mbele ya majirani wote, na mikayi akatangulia kupanda, mashimo matatu hivi, ndipo yeye akafuata na shamba zima.

Mzee alikuwa anatembea vizuri na kusema sasa. Alikwenda moja kwa moja akasimama mbele ya mama mkwe.

"Wewe ni nani?" akamwuliza.

Mzee akataja jina lake, lile la marehemu.

Mama mkwe akapiga makofi. "Hilo ni jina la mume wangu. Basi wewe ni mume wangu. Umeniletea nini kutoka sokoni?" Na macho yake yalikuwa yanacheka. Ulikuwa utani, ule wa zamani, umerudi mahali pake.

"Wetu," yule mwingine akasema kutoka jikoni.

Kisha mama mkwe akaniona mimi. Alinipa mkono, akaushika kwa heshima, mkono wa pili chini ya kiwiko. "Karibu, mgeni," akasema. "Umetoka mbali?"

Mgeni. Nilimwogesha huyu mwanamke. Nilitandaza leso mpaka mabega yakauma. Nilichukiwa na yeye mwaka mzima, kila asubuhi, kwa jina, na sasa ananiuliza kama nimetoka mbali. Nilimtazama yule wa jikoni akipepeta mchele, akiwa na mtu wa kugombana naye kila siku, na nikasikia kitu kile kile mama yangu alichokuwa anasikia akitazama moshi wa jiko la mwenzake. Na juu ya msumari pale mlangoni kwake niliona kofia ya manjano imening'inia.

"Hiyo kofia ni yangu," nikasema.

"Ni ya mume wetu," yule mwanamke akajibu bila kuinua uso. "Nilipewa."

"Nimeifuma mimi. Naitaka."

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye mkeka na Mzee mapajani. Akageuka pole pole, akakunja uso kama anayetafuta uzi kwenye tundu la sindano. "Na wewe ni nani," akaniuliza, "hata udai kofia ya marehemu?"

Ningeweza kusema mimi ni mke wa mwanao. Ningeweza kusema mimi ni mama wa huyu uliyempakata. Nilikuwa na majibu ya kweli tele.

"Mimi ni mke mdogo," nikasema.

Alinitazama sana. Mzee alikuwa anavuta sikio lake na hakumzuia. Kisha akajisogeza, kidogo sana, na pembeni pa mkeka pakapatikana nafasi ya mtu mmoja asiyejipenda.

"Kaa hapo chini," akasema. "Na msibani ulichelewa."

Nikakaa.

Yule mwingine aliacha kupepeta. Alinitazama kutoka kichwani mpaka viatu vyangu vya Kisumu. "Huyu aliletwa lini?" akamwuliza mwenzake. "Mzee hakuniambia kitu."

Hakucheka. Mpaka leo sijui kama alikuwa anatania.